Kabla ya kuvusha mzigo Zanzibar, jua pesa iko kwa nani mwezi huu

Vijana wa Tanga na Lushoto wananiuliza swali lilelile: "Kaka, vitunguu Zanzibar bei gani sasa hivi?" Bei ni swali la tatu. La kwanza ni nani mwenye pesa visiwani mwezi huu. La pili ni karatasi zako zinatambuliwa na serikali ipi. Ukiwa na majibu ya hayo mawili, bei utaambiwa na simu moja tu ya dalali.

Soko lenyewe si dogo kama watu wanavyodhani. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na karibu nusu yao wako Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake. Pemba yote ina watu zaidi kidogo ya 540,000. Chakula chao kingi kinavuka maji. Mashariki ya Unguja ni mawe ya matumbawe, jembe halizami. Udongo mzuri uko upande wa magharibi na kwenye vilima vya Pemba, na huko nako mikarafuu, minazi na nyumba vinagombea nafasi. Kwa hiyo mbatata (viazi mviringo), vitunguu na sehemu kubwa ya tungule (nyanya) zinatoka kwetu. Hilo halibadiliki mwaka mzima. Kinachobadilika ni mfuko wa mnunuzi.

Pemba mfuko huo ni karafuu. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo kisiwa hicho ndicho chenye karafuu nyingi. Ukifika Wete au Chake Chake wakati wa mavuno, huulizi kama pesa ipo. Majamvi yametandikwa kila penye jua, hadi kando ya barabara ya lami. Wachumaji wanalipwa kwa pishi, jioni hiyohiyo. Kina mama wamekaa chini wanachambua, makonyo (vijiti vya vishada) huku na karafuu kule, vidole havitulii na maneno hayaishi. Wingu likijitokeza tu mtaa mzima unakimbilia majamvi, maana karafuu ikinyeshewa kabla haijakauka inaharibika rangi na inashuka daraja. Ikishakauka inapelekwa kwenye vituo vya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, mwenye shamba anarudi na noti. Wiki hiyo watu hawanunui kilo, wananunua gunia.

Ila mkarafuu hauzai sawa kila mwaka. Ukizaa sana, mwaka unaofuata mara nyingi unapumzika. Usichukue hesabu ya msimu uliopita ukaifanya mkataba. Piga simu kwa mtu wa shamba kuanzia Juni, muulize mikarafuu imebebaje. Jibu lake lina thamani kuliko bei ya sokoni ya siku hiyo.

Na hili lishike sana: mteja mwenye deni akikwambia, "Pesa sina, chukua karafuu ukauze mwenyewe bara," kataa, hata kama ni rafiki. Karafuu hainunuliwi wala haiuzwi kiholela kule. Kuisafirisha kimyakimya ni magendo, chombo kinakamatwa na wewe ndani yake. Msubiri auze kituoni, akulipe taslimu.

Unguja mambo ni mengine. Pale pesa inaletwa na wageni, na wageni wana msimu wao: wengi huja Julai hadi Oktoba, kisha Desemba hadi Februari. Masika yakiingia, Aprili na Mei, hoteli nyingi za pwani zinapunguza watu na nyingine zinafunga milango kabisa. Ukikopesha hoteli mzigo mwishoni mwa Machi, jiandae kulipwa mvua zikikatika. Kuna moja ya pwani ya mashariki ilinizungusha mpaka nikaanza kuwafahamu walinzi kwa majina. Siku hizi hoteli naipa mzigo mdogo, na mkubwa nauacha kwa wauzaji wa jumla mjini. Faida inapungua, usingizi unaongezeka.

Usiwasahau kina mama wa mwani. Kilimo hicho kilishika kasi tangu mwisho wa miaka ya 1980, na wakulima wake wengi mpaka leo ni wanawake. Paje na Jambiani utawaona wakati wa bamvu, maji yakitoka mbali, wameinama kwenye kamba zao. Mwani unalipa kidogo kwa kilo, hivyo kijijini usipeleke gunia. Peleka mafungu ya bei ndogo, na uyapeleke mwani ukishapimwa na kulipwa.

Ramadhani inazipita kalenda zote hizo. Mbatata, mihogo, ndizi mbichi, nazi na tambi zinatafutwa kwa udi na uvumba, na mwezi wenyewe unasogea nyuma kama siku 11 kila mwaka. Mzigo uwe umeshashuka Malindi, bandari ya mjini Unguja, kabla mwezi haujaandama. Ukifika siku ya kumi, wenzako wameshachukua cha juu.

Sasa serikali. Wengi wetu tunavuka tukidhani tumehama mkoa. Muungano ni wa tarehe 26 Aprili 1964, lakini Zanzibar ina Rais wake, Baraza la Wawakilishi lake na Katiba yake ya 1984. Forodha na kodi ya mapato ni mambo ya Muungano, utakutana na TRA uliyoizoea. Kodi nyingi za ndani, kama VAT, ziko kwa ZRA, mamlaka ya kule. Leseni ya biashara ya halmashauri yako ya bara haikufungulii duka Darajani, sokoni mjini Unguja. Kibali cha mazao ulizia kabla hujapakia, maana wakaguzi wa mimea wako bandarini na kitunguu kilichoanza kuoza hakiwasubiri. Ardhi ni mali ya umma chini ya serikali ya kule. Anayekuuzia kiwanja kwa karatasi ya daftari, muage kwa heshima.

Ukitaka kupanga ghala au chumba, nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, kwanza, siyo mwisho. Yule wa mtaa nilikofikia ni mzee wa makamo, nilimkuta barazani na kahawa yake. Nikamwamkia, akaitikia, akanisogezea kikombe.

"Umefikia kwa nani, mwanangu?"

Nikamtajia mwenyeji wangu. Akatikisa kichwa, akauliza habari za Tanga, za mvua, za wazee wangu kama wapo. Barua yake ya kunitambulisha niliandikiwa baada ya kikombe cha pili. Hakuna siku aliyoniuliza nina mtaji kiasi gani. Alichotaka ni mtu wa kumshika mkono endapo nitaharibu. Kwa hiyo tafuta mwenyeji kabla ya ghala, na umchague mtu anayeswali na majirani zake, siyo mjanja wa bandarini.

Kuhusu kurudi: chombo kitupu kinauma, na utaona mchele, televisheni na vitenge kule bei zake zinavutia. Bidhaa iliyoingia Zanzibar kutoka nje ikivushwa bara inaweza kudaiwa tofauti ya ushuru, na maelezo ya "nimenunua ndani ya nchi yangu" hayajawahi kunisaidia mbele ya meza ya forodha. Omba risiti ya ZRA kila unaponunua, ulizia tofauti hiyo kabla hujalipa, na kama hesabu haitoki, rudi na magunia yako matupu. Yatapakiwa tena Lushoto.