VCO yako iko 4.8 GHz? Subiri kwanza kabla hujapeleka chipu kiwandani

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba chipu yako ya Bluetooth LE ina VCO (osileta inayotengeneza masafa) ya 4.8 GHz inayogawanywa kwa mbili, ina PA (kikuza nguvu kinacholisha antena) ya mguu mmoja, yaani yenye njia moja tu ya kutolea ishara, vyote kwenye kipande kimoja cha silikoni, na leiauti, mchoro wa mpangilio wa vipande, unaipeleka kiwanda cha IHP kule Ujerumani kwa mchakato wao wa wazi wa nanomita 130. Halafu unatuuliza uchague low-IF au zero-IF (mpokeaji aishushe ishara hadi masafa madogo, au hadi sifuri kabisa), kristali ya kutoa mapigo ya saa iwe ya megahezi ngapi, na kama antena ya kuchapishwa kwenye ubao itatosha.

Mimi nina swali moja tu. Umewahi kuiwasha hiyo PA ndani ya simulesheni moja na VCO? Sijauliza kama kila kimoja kinafanya kazi peke yake. Kwenye picha uliyoweka koili zao zimebanana kabisa, kwa hiyo jibu nalijua.

Nalijua kwa sababu huo ndio mchoro wetu, karibu mstari kwa mstari. Tulikuwa na mshauri, mtu mwenye mvi na slaidi za kutosha, aliyelipwa kwa saa. Kikaoni tulimuuliza kuhusu PA kuivuta VCO. Akajibu bila hata kukohoa: "Wekeni VCO mara mbili ya masafa ya antena, tatizo limekwisha." Tukaandika. Tukashukuru. Tukalipa.

Nusu ya maneno yake ni kweli, na ndiyo maana yanaua. VCO ikikaa 2.4 GHz na PA inarusha 2.4 GHz, umeshakwisha. Ukiiweka 4.8 unatoka pale, na kigawanyi kinakupa I na Q, nakala mbili za ishara zenye nyuzi 90 kati yao, bila gharama ya ziada. Safi. Sasa hamoniki ya pili ya PA inayorusha 2.4 GHz, yaani ile ishara ya ziada inayojitokeza kwenye mara mbili ya masafa, iko wapi? Zidisha kwa mbili. Mtoto wa darasa la tatu anaipata. Na PA ya mguu mmoja, kama yako, inatema hamoniki ya pili kwa wingi kwelikweli.

Chipu ziliporudi, upokeaji ulikuwa mtamu. Tukaanza kupongezana. Tukarusha kwa nguvu ndogo kabisa: mstari mwembamba, katikati ya chaneli. Tukapandisha PA hadi 0 dBm, yaani miliwati moja, na mstari ukahama. Sisemi ulirefuka tu, ulitembea pembeni kwenye kioo cha spektramu analaiza. Mwenzangu akapeleka mkono kuchukua kikombe chake cha chai karibu na antena, ukatembea tena. Akaurudisha mkono, nao ukarudi. Tukawa tunausogeza huku na huku kwa kiganja, tunacheka kile kicheko cha watu wanaojua bajeti imeliwa.

Kinachotokea ni hiki. Osileta ikipata ishara ngeni iliyo karibu na masafa yake, inavutwa, kama mpiga ngoma ambaye jirani yake anapiga mdundo unaokaribiana na wake: mkono unamfuata bila kupenda. Robert Adler aliandika hesabu yake mwaka 1946, kwa hiyo hakuna wa kusema hatukuonywa. Chukua masafa ya VCO, gawa kwa mara mbili ya Q ya tanki (ubora wa koili na kapasita zinazopanga masafa yake), zidisha kwa uwiano wa mkondo mgeni na mkondo wa osileta. Weka 4.8 GHz, Q ya 10, na uvujaji wa sehemu moja kwa elfu, yaani −60 dB, ambayo kikaoni kila mtu ataiita "hakuna kitu". Inatoka 240 kHz. Ukigawa kwa mbili, 120 kHz kwenye antena.

Bluetooth LE ya 1 Mb/s inatofautisha moja na sifuri kwa kusogeza masafa kama 250 kHz juu au chini ya katikati, na ndani ya paketi inakuruhusu uhame 50 kHz, basi. Hiyo "hakuna kitu" imeshakula zaidi ya mara mbili ya ruhusa yako. Na kwa kuwa hamoniki inategemea mzigo wa antena, mteja akishika kifaa mkononi unavutwa upande mwingine.

Kuna atakayekuja hapa chini kusema PLL, kitanzi kinachoifunga VCO kwenye masafa sahihi, itarekebisha. Itarekebisha ikipewa muda. Utangulizi wa paketi ni biti nane, mikrosekunde nane, na PA imewaka punde tu kabla yake. Kitanzi kizito kinamaliza kujipanga wakati mpokeaji ameshakata tamaa. Sisi tulijifanya wajanja zaidi: wakati wa kurusha tulikifungua kitanzi ili tuokoe umeme, data ikawa inaisukuma VCO moja kwa moja. Kitanzi kikiwa wazi hakuna wa kurekebisha chochote, kosa linakaa mpaka paketi iishe. Programu haikutuokoa. Tulijaribu kuwasha PA mapema na kuipandisha taratibu kabla ya kufungua kitanzi. Ikapunguza aibu, haikuiondoa. Maski, michoro ambayo kiwanda hutumia kuchapa chipu, zikachorwa upya, tukasubiri tena foleni ya kiwanda. Zile chipu za kwanza mke wangu amezifanya hereni, na ndiyo kazi pekee zilizoifanya bila kulalamikiwa.

Mshauri? Alipopigiwa simu alisema ni "suala la leiauti". Leiauti ipi, mzee, wakati masafa uliyapanga wewe?

Kwa hiyo: chipu isitoke mkononi mwako kabla hujaiona VCO ikikimbia huku PA imewaka kwa nguvu zote, kwenye faili moja, pamoja na koili zote mbili na nyaya za dhahabu zinazounganisha chipu na kasha lake. Usiniambie simulesheni ni nzito. Si lazima uige transista zote. Peleka koili mbili na nyaya kwenye kikokotoo cha sumakuumeme, pata kiasi cha kuingiliana kwao, kisha ichome VCO kwa mkondo huo kwenye 4.8 GHz uangalie inahama kiasi gani. Ni kazi ya usiku mmoja kwenye laptopu ya kawaida.

Ikihama, na itahama, geuza PA iwe ya miguu miwili yenye ulinganifu, maana hamoniki za shufwa za pande mbili hutoka kwa pamoja na unaweza kuzizima. Koili ya VCO ichore umbo la nane, nusu mbili zifute sumaku inayotoka mbali. Zitenganishe kadiri eneo linavyoruhusu. Ardhi ya PA ipewe pedi zake. Kama una moyo, ondoka kabisa kwenye mara mbili: VCO ya 1.6 GHz, igawe kwa mbili upate 0.8, zijumlishe kwenye miksa, saketi ya kuchanganya masafa, upate 2.4. Utalipa kwa takataka za miksa, yaani masafa usiyoyataka, lakini mimi leo ningelipa.

Kuhusu low-IF: chagua low-IF, chaneli ni nyembamba na kwenye zero-IF mabaki ya DC na kelele za 1/f, zile zinazozidi masafa yakikaribia sifuri, zinakaa katikati ya ishara yako. Kristali, angalia tu hamoniki zake zinaangukia wapi. 16 MHz mara 155 ni 2480, ambayo ni chaneli 39 ya matangazo. Umeona? Ugonjwa ni ule ule, kitu cha ndani kinapiga kelele kwenye masafa ya jirani na hakuna aliyekaa kuzidisha.

Weka hapa leiauti yenye vipimo, koili hadi koili, na useme ardhi ya PA inatokea pedi ipi. Nikikuta inashirikiana pedi na VCO nakuja PM kukutukana kwa heshima.