Ukirudi na Ndege ya Shirika la Nje, Usitoke Uwanjani Bila Ripoti ya Mzigo

Msafiri wa Tanga anayekwenda ng'ambo huianza safari yake stendi ya Kange, akapita Segera na Chalinze, akashuka Mbezi kwenye Kituo cha Magufuli, kisha akatafuta gari la kumfikisha Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere. Akirudi huifuata njia hiyo hiyo, safari hii akiwa amechoka na akihofia kukosa basi. Naamini hofu hiyo ndiyo inayowapotezea watu wengi wa kwetu haki zao. Mzigo usipoonekana, au ukitoka umepasuka, mkazi wa Dar es Salaam anaweza kurudi uwanjani kesho yake asubuhi, lakini sisi kesho yake tuko zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo. Yaliyonikuta mimi na wifi yangu tuliporudi kutoka Ujerumani kwa ndege ya shirika moja la nje, ambalo sitalitaja jina, yamenifanya niamini kwamba saa moja ya ziada ndani ya ukumbi wa mizigo ina thamani kuliko simu zote ambazo mtu atazipiga baadaye akiwa nyumbani.

Ndege yetu ya kwanza ilichelewa kuondoka Frankfurt. Tulipofika mahali pa kubadilishia ndege tuliiwahi ile ya pili kwa shida, lakini sanduku langu halikuiwahi. Katika Jengo la Tatu la Abiria, Dar es Salaam, tulisimama hadi mkanda wa mizigo ukasimama, na langu halikutoka. La wifi lilitoka likiwa na ufa mrefu ubavuni na gurudumu moja limeng'oka. Yeye alitaka tuondoke mara moja. "Wifi, haya tutawapigia simu tukiwa nyumbani," aliniambia, "tukikawia hapa basi litatuacha." Nikamjibu, "Litatuacha tukalale kwa shangazi Temeke, wifi yangu, lakini hapa hatutoki mpaka tupewe karatasi." Tulikwenda kwenye kaunta ya mizigo iliyopotea, ambayo iko ndani, kabla ya kupita forodha. Hilo nalisisitiza kwa sababu ukishatoka nje ya milango ile huruhusiwi kurudi kirahisi.

Karatasi tuliyoidai ni ripoti ya mzigo, inayojulikana katika viwanja vya ndege duniani kote kwa herufi PIR. Mhudumu hukuomba pasipoti, kipande cha tiketi ulichopandia ndege, na kile kibandiko kidogo chenye namba ya tarakimu kumi ambacho hubandikwa kwenye tiketi au nyuma ya pasipoti unapokabidhi mzigo. Watu wengi hukitupa kibandiko hicho mara tu wanapokaa kwenye kiti, na wanapokihitaji hawakioni tena. Ripoti ikishajazwa unapewa namba ya kumbukumbu, ambayo kwa mzigo ulioripotiwa Dar es Salaam huanza na herufi DAR. Kwa namba hiyo unaweza kufuatilia mzigo wako kwenye tovuti ya shirika ukiwa Ngamiani, Chumbageni au Pongwe, bila kumbembeleza mtu. Hakikisha pia kwamba maelezo ya sanduku, yaani rangi, ukubwa, alama na baadhi ya vitu vilivyomo, yameandikwa kama unavyoyajua wewe, maana masanduku meusi yasiyo na alama ni mengi mno.

Jambo ambalo wasafiri wengi hawalifahamu, na ambalo mhudumu wa kaunta hakutueleza mpaka tulipomuuliza, ni kwamba ripoti hiyo si madai. Ni ushahidi tu kwamba siku ile, mahali pale, ulisema mzigo wako una tatizo. Madai yenyewe ni barua au ujumbe wa maandishi unaoupeleka kwa shirika, na muda wake umewekwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania ni mwanachama wake na ambao ulianza kutumika tarehe 4 Novemba 2003. Kwa mzigo ulioharibika, lalamiko la maandishi ni lazima litolewe au litumwe ndani ya siku 7 tangu ulipoupokea. Kwa mzigo uliochelewa, ni ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Na mzigo usipofika kabisa hadi siku 21 zipite tangu siku uliyopaswa kufika, una haki ya kuuhesabu kuwa umepotea na kudai thamani yake. Siku 7 ni chache sana kwa mtu aliyerudi safari na kukuta msiba, harusi au wageni wamejaa nyumbani. Kwa hiyo wifi yangu aliandika barua yake usiku ule ule, tukiwa kwa shangazi, akaituma kwa barua pepe pamoja na picha za ule ufa tulizozipiga sanduku likiwa bado karibu na mkanda.

Kuhusu kiasi cha fedha, mkataba umeweka kikomo. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo cha mizigo ni SDR 1,519 kwa kila abiria, na SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Kwa hesabu ya haraka ni kama dola 2,000 za Marekani. Kikomo hicho ni cha abiria mmoja, si cha kila begi, na hulipwi chote kwa sababu tu mzigo umepotea. Unalipwa hasara unayoweza kuionyesha. Hapo ndipo risiti zinapokuwa na maana. Sisi si watu wa kutunza risiti za vitenge na viatu, na sokoni mara nyingi hatupewi, lakini picha ya simu inayoonyesha vitu vimepangwa kitandani kabla sanduku halijafungwa husaidia sana, na kuipiga hakuchukui hata dakika mbili. Mwenye mzigo wa thamani inayozidi kikomo anaweza kutangaza thamani hiyo kwa maandishi anapoukabidhi na kulipa nyongeza atakayotozwa, ingawa kwa maoni yangu dhahabu, vyeti, dawa na fedha taslimu mahali pake ni mkoba wa mkononi.

Sanduku langu liliwasili Dar es Salaam siku kadhaa baadaye, na hapo nikakutana na tatizo ambalo ni letu sisi wa mikoani. Nilipigiwa simu nikaambiwa mzigo umefika, nije niuchukue. Sikukataa kwa hasira. Niliandika kwa adabu kwamba anwani niliyoijaza kwenye ripoti ni ya Tanga, kwamba kuchelewa kwa mzigo hakukusababishwa na mimi, na kwamba nikilazimika kusafiri nitadai nauli ya kwenda na kurudi, kwa kuwa Mkataba wa Montreal unalibebesha shirika hasara inayotokana na ucheleweshaji isipokuwa lithibitishe kwamba lilichukua kila hatua inayofaa kuuzuia. Walijibu wakaomba barua ya idhini na nakala ya pasipoti ili sanduku lipitishwe forodha bila mimi kuwepo. Kisha walilituma kwa basi kama kifurushi, kwa gharama yao, nami nikalipokea Kange. Nina hakika kwamba kama anwani ya Tanga isingekuwa imeandikwa kwenye ripoti tangu siku ya kwanza, nisingekuwa na pa kusimamia. Andika anwani ya nyumbani kwako halisi, hata kama siku hiyo unalala kwa ndugu Dar es Salaam, na namba ya simu ya ndugu huyo uiweke kuwa ya pili.

Ikiwa safari yako ilihusisha mashirika mawili au zaidi, jiandae kusikia kila moja likikuelekeza kwa jingine. Mkataba unakuruhusu kudai kwa shirika la kwanza, kwa shirika la mwisho, au kwa lile lililokuwa na mzigo ulipopotea au kuharibika. Kwa uzoefu wangu ni vyema kuanza na lile la mwisho, lililokufikisha Dar es Salaam, kwa sababu ndilo lenye ofisi na watu wa kuulizwa hapa nchini.

Kuhusu ucheleweshaji wa abiria mwenyewe, nitasema kwa ufupi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inamlinda kila abiria anayeondoka katika uwanja ulio ndani ya Umoja huo, hata kama ndege ni ya shirika la Afrika au la Uarabuni, na kwa safari inayozidi kilomita 3,500 fidia yaweza kufika euro 600 ukifika mwisho wa tiketi yako kwa kuchelewa saa tatu au zaidi, ila si pale sababu inapokuwa nje ya uwezo wa shirika, kama hali mbaya ya hewa. Unapoondoka Dar es Salaam kwenda Ulaya, kanuni hiyo inakuhusu tu ikiwa shirika lenyewe ni la Umoja wa Ulaya. Sisi tulifika Dar es Salaam kwa wakati, kwa hiyo hatukuwa na dai hilo. Basi la kutoka Tanga nalo haliingii katika tiketi ya ndege. Likiharibika njiani ukaachwa na ndege, shirika la ndege halidaiwi, na ndiyo sababu mimi hulala Dar es Salaam usiku wa kuamkia safari, hata ndege ikiwa ya jioni.

Shirika lisipojibu, au likijibu kwa kuzungusha, malalamiko yanaweza kupelekwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, ukiambatisha ripoti, barua zako zenye tarehe na majibu uliyopewa. Mlango wa mahakama uko wazi kwa miaka 2, na kwa tiketi ya kwenda na kurudi iliyoanzia Dar es Salaam, mwisho wa safari huhesabiwa kuwa ni Dar es Salaam, kwa hiyo kesi inaweza kufunguliwa hapa hapa nchini. Wifi yangu hakulazimika kufika huko. Mwanzoni alipelekewa hati ya punguzo kwa safari ijayo, pamoja na fomu iliyosema kwamba akiipokea hatakuwa na dai jingine lolote. Tuliisoma pamoja mara mbili. Hakuitia saini, akaandika tena kuomba thamani ya sanduku kwa fedha, akaambatisha bei ya sanduku la aina ile ile kutoka dukani, na malipo yakaingia kwenye akaunti yake ya benki.