Glasgow au Edinburgh? Ushauri kwa anayehamia Uskoti

Ukipata kazi au nafasi ya chuo katika ukanda wa kati wa Uskoti, swali la kwanza ni moja: nikae Glasgow au Edinburgh? Jibu langu nalitanguliza. Kama kipato chako ni cha kawaida, na hasa kama una watoto, anzia Glasgow, isipokuwa kazi yenyewe iko Edinburgh na ni ya kuamka alfajiri. Nimepanga nyumba katika miji yote miwili na nimefanya kazi za zamu katika yote miwili. Naipenda yote. Lakini kupenda mji ni jambo moja, kuumudu ni jingine.

Kati ya mji na mji ni kilomita kama 75, na treni ya moja kwa moja huchukua karibu dakika 50. Kwa ukaribu huo ungetarajia miji inayofanana, kumbe tabia zake zimeachana kabisa, na chanzo kikubwa ni historia ya idadi ya watu. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia Glasgow ilikuwa na wakazi zaidi ya milioni 1, enzi ambazo meli za nchi nyingi ziliundwa kwenye mto Clyde. Viwanda vikafa, halmashauri ikabomoa mitaa mizima na kuwahamishia watu kwenye miji mipya kama East Kilbride na Cumbernauld, na sensa ya 2022 ikakuta wamebaki kama 620,000. Edinburgh haikupitia kimbunga hicho. Ina watu wachache zaidi, zaidi kidogo ya 510,000, lakini ina Bunge la Uskoti, mabenki, makampuni ya bima, vyuo na watalii, na wote hao wanagombea nyumba zilezile.

Elewa hilo na mengine mengi yatajieleza. Glasgow ni mji uliojengewa watu wengi kuliko ilionao sasa. Ndiyo maana ina mtandao wa treni za vitongoji ulio mkubwa kuliko wa mji mwingine wowote wa Uingereza nje ya London. Ndiyo maana ina bustani kila upande, na makumbusho kama Kelvingrove na Burrell ambayo unaingia bure na watoto wako Jumapili yoyote yenye mvua. Ndiyo maana pia, kwa kodi inayokupa chumba kimoja chembamba Edinburgh, Glasgow mara nyingi unapata fleti ya vyumba viwili ndani ya jengo la mawe mekundu, lenye dari ya juu na dirisha pana sebuleni. Usidhani hata hivyo kwamba nyumba zinakungoja. Mabaraza ya miji yote miwili yalitangaza dharura ya makazi Novemba 2023, na foleni ya nyumba za bei nafuu ni ndefu kotekote. Tofauti ni kwamba Glasgow ukikosa leo, wiki ijayo bado kuna tangazo la kujaribu. Edinburgh fleti nzuri hutangazwa asubuhi na jioni watu wameshajaa kwenye ngazi kuitazama.

Agosti ndiyo mwezi mgumu kuliko yote. Matamasha ya Edinburgh yalianza 1947 na sasa huufurika mji mzima, huku wanafunzi nao wakitafuta vyumba vya Septemba wakati uleule. Tangu 2022 jiji zima limewekwa chini ya sheria inayomtaka mwenye fleti aombe kibali cha mipango miji kabla ya kuigeuza nyumba ya wageni wa muda mfupi. Ni hatua niliyoipokea kwa furaha, maana niliishi kwenye jengo la fleti ambalo majirani walibadilika kila wikiendi na masanduku ya magurudumu yaligonga vidato usiku wa manane. Kama huna budi kuhamia Edinburgh, fanya kila uwezalo kufika Januari au Februari.

Sasa niitendee haki Edinburgh, kwa sababu kwa kutembea kwa miguu haina mpinzani. Sehemu iitwayo New Town ilichorwa na James Craig mwaka 1767, na pamoja na mji mkongwe wa juu ya mwamba iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1995. Sisemi haya kwa ajili ya picha za watalii. Nasema kwa sababu mpango ule bado unafanya kazi. Ukiishi Marchmont au Leith, duka, shule, daktari na kituo cha basi viko ndani ya dakika chache, na watu bado wanaishi katikati ya mji wenyewe, kwa hiyo saa tatu usiku mitaa haijafa. Kilima cha Arthur's Seat, mita 251, kiko palepale mjini. Unatoka kazini umechoka na kabla giza halijaingia umeshasimama juu unaitazama bahari.

Glasgow katikati ya mji ni pazuri kuliko watu wanavyoambiwa, mitaa yake imenyooka kama ya miji ya Marekani na Buchanan Street haina magari. Ila ina jeraha: barabara kuu ya M8 ilipitishwa katikati kabisa, na daraja lake la Kingston lilifunguliwa 1970. Pale Charing Cross unasimama juu ya mtaro wa magari na unaona wazi jinsi upande wa magharibi ulivyokatwa na mji. Edinburgh nayo ilikuwa na mipango ya barabara za namna hiyo, wakazi wakaipinga na haikujengwa. Kila nilipovuka M8 usiku kwa miguu nimewashukuru wale wakazi wa Edinburgh kimoyomoyo.

Usafiri nao una kisa chake. Sheria ya Uingereza ya kuachia mabasi kwenye soko huria ilianza kutumika 1986 na iligusa miji yote miwili. Mabasi ya umma ya Glasgow yaliuzwa miaka ya 1990. Edinburgh ilibaki na kampuni yake, Lothian, inayomilikiwa na halmashauri hadi leo, na ukikaa miezi michache utaona tofauti: basi linakuja, linafika mpaka mitaa ya pembeni, na nauli haikupigishi hesabu. Tramu yao ilichelewa na ikagharimu fedha nyingi mno kabla ya kuanza 2014, lakini tangu iliponyooshwa hadi Newhaven mwaka 2023 imewafaa sana watu wa Leith. Glasgow inakuokoa kwa treni, na kwa ile reli ndogo ya chini ya ardhi iliyofunguliwa 1896, yenye vituo 15 kwenye duara moja. Ni nzuri kama uko Partick, Hillhead au Govan. Ukiwa mashariki ya mji haikuhusu. Kwa hiyo Glasgow usichukue nyumba kwa kutegemea basi peke yake. Tafuta stesheni kwanza, ndipo uangalie fleti. Na wenye watoto mkumbuke kwamba vijana walio chini ya miaka 22 wanapanda mabasi bure Uskoti nzima tangu 2022, mradi wawe na kadi.

Mvua? Glasgow hupata zaidi ya milimita 1,100 kwa mwaka, Edinburgh kama 700. Utaihisi tofauti hiyo, hasa Novemba. Edinburgh inalipiza kwa upepo na kwa ukungu baridi utokao baharini. Nunua koti la mvua linalostahili jina hilo, mwavuli utavunjika.

Watu ndio waliofanya uamuzi wangu uwe rahisi. Glasgow mtu usiyemjua atakuanzishia mazungumzo kituoni, atakuuliza umetoka wapi na atataka kweli kusikia jibu. Wao huwatania wenzao kwamba mwenyeji wa Edinburgh hukupokea mlangoni kwa kusema, "Bila shaka umeshakula." Si haki sana, nilipata marafiki wa kudumu Edinburgh, ila ilichukua muda na nilibidi kujiunga na kitu, kwaya au timu, ndipo milango ikafunguka. Kwa mgeni anayefika peke yake wakati wa baridi, tofauti hiyo ina uzito kuliko mandhari. Lakini siwezi kuficha upande wa pili: umaskini wa Glasgow ni mzito, umri wa kuishi uko chini kuliko sehemu nyingi za Uskoti, na mtaa mzuri na mtaa uliotelekezwa unaweza kutenganishwa na taa moja ya barabarani. Usipange kwa kutazama ramani tu. Nenda mchana, kisha rudi saa mbili usiku, uone nani yuko nje na maduka gani yamefungua.

Ningekushauri uanzie wapi? Glasgow, tazama Dennistoun ukitaka kuwa karibu na mjini bila kodi kubwa ya mitaa ya magharibi, na Shawlands au Battlefield kwa familia. Govanhill ina watu wa mataifa mengi na vyakula vya kila aina, ila kagua jengo kwa makini kabla ya kusaini. Govan yenyewe imebadilika tangu daraja la waenda kwa miguu na baiskeli kuelekea Partick lilipofunguliwa Septemba 2024. Edinburgh, nenda Leith kama unaimudu, la sivyo Gorgie na Dalry.

Kisheria, miji yote miwili iko sawa, na ulinzi ni mzuri kuliko wengi wanavyojua. Mikataba ya kupanga iliyoanza Desemba 2017 na kuendelea haina tarehe ya mwisho, kwa hiyo mwenye nyumba hawezi kukutoa kwa sababu tu mwaka umeisha. Amana haizidi kodi ya miezi miwili na ni lazima iwekwe kwenye mfuko ulioidhinishwa ndani ya siku 30 za kazi; dai uthibitisho. Namba ya usajili wa mwenye nyumba inapaswa kuwa kwenye tangazo lenyewe. Wakala akikudai ada ya kuandaa mkataba, mkatalie, sheria hairuhusu.

Na kama kazi iko mji mmoja na nyumba mji mwingine, inawezekana. ScotRail, shirika la treni la Uskoti, iliondoa nauli za juu za asubuhi na jioni Septemba 2025, jambo lililobadilisha hesabu kwa wengi. Ila hesabu ya pesa iandike pamoja na ile ya saa: kutoka mlangoni hadi kazini, kwenda na kurudi, si dakika 50 za ratiba. Zikizidi saa tatu kwa siku, lipa kodi ya Edinburgh.