Modeli haioni msimbo wako: kuandika maelezo ya zana za wakala

Kama ndiyo unaanza kuunda mawakala wa akili unde, yaani programu ambazo modeli ya lugha hufanya kazi kwa kuita zana (vipande vya msimbo ulivyoandika), shika hili kwanza: modeli haioni msimbo wako. Uunganishe zana kwa MCP (Model Context Protocol), itifaki ya kuunganisha modeli na zana iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, au moja kwa moja kwenye API, njia ambayo programu yako huzungumza na modeli, kinachoifikia modeli ni jina la zana, maelezo yake na skima ya JSON ya vigezo, yaani orodha ya taarifa ambazo zana inapokea na aina ya kila moja. Usichokiandika humo itakikisia, tena bila kusita.

Chukua zana ya kutafuta mabasi ya mikoani. Wengi huanza na jina `tafuta_safari`, maelezo "Hutafuta safari", na vigezo `kutoka`, `kwenda`, `tarehe`, `saa`. Hapo msimbo unaweza kuwa safi na kazi bado ikaharibika. Kwa mteja wa Dodoma 03/04/2026 ni tarehe 3 Aprili. Kwa Mmarekani ni Machi 4, na modeli imesoma maandishi ya Kimarekani kwa wingi. `kutoka` ni mji au stendi? Zana inatafuta tu, au inakata na tiketi? Maelezo yanayotosha ni kama haya:

"Hutafuta safari za mabasi kati ya miji miwili kwa siku moja. Itumie mteja anapouliza nauli, saa za kuondoka au nafasi zilizobaki. Haikati tiketi, kwa hilo tumia `kata_tiketi`. Hurudisha safari zisizozidi 10, ikianza na inayoondoka mapema. Nauli ni shilingi za Tanzania, tarakimu tupu bila koma."

Sentensi inayosema zana *haifanyi* nini ndiyo wageni huisahau, na ndiyo inayotenganisha zana mbili zinazofanana. Ukiona hata wewe unasita kuchagua kati ya `tafuta_safari` na `orodhesha_mabasi`, ziunganishe ziwe moja. Miji ikiwa michache, iorodheshe kwenye skima kama thamani pekee zinazokubaliwa. Tarehe iandikie mfano: 2026-04-03, mwaka, mwezi, siku.

Saa inahitaji uangalifu zaidi, na hapa mwongozo ulioandikwa kwa watumiaji wa Kiingereza hautakusaidia. Mteja anaandika "nataka basi la saa 2 usiku". Kigezo kikiwa `saa` tu, modeli inaweza kutuma 02:00, na mteja akaonyeshwa basi la alfajiri. Usiipe kanuni tupu ya "jumlisha 6", kwa sababu inavunjika pembeni: saa 12 asubuhi inakuwa 18:00. Ipe mifano ya pale panapoteleza:

"`saa_ya_kuondoka`: mfumo wa saa 24, saa za Afrika Mashariki (UTC+3). Geuza saa za Kiswahili: saa 12 asubuhi ni 06:00, saa 6 mchana ni 12:00, saa 12 jioni ni 18:00, saa 2 usiku ni 20:00, saa 8 usiku ni 02:00. Mteja akiandika 20:00 au 8pm, usigeuze. Akisema 'saa 2' bila kutaja asubuhi wala usiku, muulize."

Tarehe nayo huteleza hapohapo. "Usiku wa kuamkia Ijumaa" saa 3 bado ni Alhamisi, 21:00. Saa 8 ya usiku huohuo ni Ijumaa, 02:00. Liandike hilo kwenye kigezo cha tarehe.

`kata_tiketi` inagusa pesa, kwa hiyo ikazie zaidi. Sema kwamba `namba_ya_safari` lazima itoke kwenye matokeo ya `tafuta_safari`, isibuniwe, na kwamba mteja athibitishe basi, siku na nauli kabla ya kuiita. Lakini maelezo si kufuli: uthibitisho huo ukaguliwe na seva pia. Mtandao ukikatika katikati, wakala huita tena, na mteja anajikuta na tiketi mbili. Dawa ni kigezo cha `namba_ya_ombi`, ili seva ikiona namba ileile mara ya pili irudishe tiketi ya kwanza.

Ujumbe wa kosa nao ni sehemu ya maelezo, maana modeli huusoma kisha ikajaribu tena. "Hitilafu 400" haiielekezi popote. "Tarehe 2025-04-03 imeshapita, leo ni 2026-03-30. Hakiki mwaka na mteja" inairudisha kwenye njia.

Usijaze kila kitu, lakini. Mara nyingi maelezo ya zana zote huingia kwenye muktadha (maandishi yote ambayo modeli husoma kabla ya kujibu) katika kila ombi, yakila tokeni, vipande vidogo vya maneno ambavyo modeli husoma, na Kiswahili kwa kawaida hula tokeni nyingi kuliko Kiingereza. Historia ya mfumo na majina ya majedwali yatoe. Mifano ya saa iache.

Kisha pima. Andika maombi 20 kama wateja wanavyoandika kweli, na ufupisho wao na makosa yao ya tahajia. Matano kati yake yasihitaji zana kabisa, mfano "mzigo wa kilo ngapi unaruhusiwa?" Soma kila mwito uliotumwa pamoja na thamani zake, jibu tamu la mwisho linaweza kuficha tarehe mbovu. Palipokosewa, badilisha sentensi moja tu, halafu rudia maombi yote 20.