Venice kwa mfuko mwembamba

Swali: Tuko wawili, tunataka kwenda Venice Julai. Hoteli za kule ni ghali mno. Tufanyeje?
Msomaji, Stuttgart

Jibu: Laleni Mestre, mtaa wa Venice ulio bara, karibu na stesheni, treni hadi Santa Lucia, stesheni ya Venice kisiwani, huchukua kama dakika 10. Tiketi ya karatasi igongeni muhuri mashineni kabla ya kupanda, la sivyo mtapigwa faini. Wanaolala Mestre hawalipi ada ambayo Venice hutoza wageni wa kutwa, ila siku ada inapotozwa lazima muwe na msimbo wa msamaha, unaoombwa mtandaoni. Wengi hunaswa hapo.

Vaporetto, yaani basi la majini, ni yuro 9.50 kwa dakika 75, basi tembeeni. Hamu ya gondola, ile mashua ya makasia ya Venice? Traghetto, yaani gondola ya kivuko, ya Santa Sofia huwavusha Mfereji Mkuu hadi soko la Rialto kwa yuro 2, taslimu. Kahawa inyweni mmesimama kaunta. Mezani bei hupaa. Maji ya mabomba ya mitaani ni salama, tena bure.