Riwaya ya maajabu kwa mtoto wa darasa la sita

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu yuko darasa la sita, na anapenda mno hadithi za majini, bahari na miji iliyorogwa, lakini vitabu vyote vya aina hiyo alivyonavyo ni vya Kiingereza. Je, ipo riwaya ya Kiswahili ambayo ataisoma kwa hamu hadi mwisho, bila kuhisi kwamba amepewa kazi ya shule?
Mzazi, Morogoro

JIBU: Ipo, nami nampendekezea bila kusita Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952. Ni kitabu chembamba, jambo ambalo si dogo kwa msomaji wa umri wake, na ndani yake mna merikebu iliyoishiwa maji, mji ambao wakazi wake wamegeuka mawe, mfalme wa majini na binti yake, na ndugu wawili ambao wivu unawafikisha mahali pa kutaka kumwangamiza ndugu yao.

Kinachomnasa msomaji ni namna kisa kinavyofunguliwa. Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, anafika Janibu kufuatilia kodi iliyochelewa, anapokewa kwa heshima nyumbani kwa liwali Adili, kisha usiku anamwona mwenyeji wake, mtu anayesifiwa kwa wema, akiwachapa manyani wawili waliofungwa. Mwandishi halijibu swali hilo mapema, na hamu ya kujua sababu ndiyo inayombeba msomaji. Kwa hiyo nakuomba sana usimdokezee mtoto jibu, hata akikubembeleza. Kama viboko hivyo vinakutia shaka, fahamu kwamba mwandishi havishangilii. Adili anawachapa kwa uchungu, na kitabu kizima kimejengwa juu ya huruma.

Ugumu uliopo ni wa lugha. Mwandishi alikuwa mshairi, Kiswahili chake ni cha zama zake, na mara nyingine anasimamisha kisa ili atoe mawaidha. Msomee wewe mwenyewe kwa sauti kurasa za mwanzo, kwa kuwa sentensi zake zina mizani inayoeleweka upesi zaidi kwa sikio kuliko kwa jicho, na maneno mageni yaacheni yajieleze ndani ya habari badala ya kukimbilia kamusi kila mstari. Akichoshwa na ukurasa wa mawaidha, mwache auruke. Ataurudia akiwa mkubwa.

Huenda akipendezwa ataulizia Kusadikika, ya mwandishi huyo huyo, iliyotoka mwaka 1951, hasa akisikia kwamba inahusu nchi iliyo angani. Hiyo ningeiweka kando mpaka aingie sekondari, kwa sababu sehemu kubwa yake ni mashtaka na utetezi wa Karama mbele ya baraza, na utamu wake humfikia msomaji aliyekwisha kuanza kujiuliza habari za sheria na watawala.