Soka la Estonia lisome kuanzia chini: ushauri kwa anayeanza kufuatilia msimu

Wengi wetu huku tumeyafahamu majina ya Flora na Levadia, klabu za Tallinn, mji mkuu wa Estonia, kupitia mikeka. Ikifika Juni, Uingereza, Hispania na Italia wamefunga, orodha ya mechi inabaki na Finland, Iceland na Estonia, na mtu anaweka pesa yake kwa timu asiyoijua ya mji asioujua. Kama nawe umeingilia mlango huo kabla ya kuanza kazi hii ya takwimu na habari za ligi ndogo za Ulaya, hakuna ubaya. Ila jicho la mkeka huona mechi moja, tena ya leo. Anayeandika msimu anapaswa kuona madaraja yote kwa pamoja, na Estonia ni shule nzuri ya hilo: nchi ina watu wapatao milioni 1.3, madaraja yanapandana kwa karibu, na jambo likitokea ligi kuu, timu za daraja la tatu hulisikia kabla mwaka haujaisha.

Anza na kalenda. Usipeleke kule mazoea ya Agosti hadi Mei. Msimu wa Estonia huanza Machi na kumalizika Novemba, kwa sababu Januari na Februari viwanja viko chini ya theluji na timu zinacheza mashindano ya maandalizi ndani ya kumbi au kwenye nyasi bandia. Hata Machi yenyewe bado ni baridi kali, ndiyo maana mechi za mwanzo huchezwa zaidi kwenye nyasi bandia na matokeo yake ni ya kupokewa kwa tahadhari. Timu inayopiga pasi fupi vizuri Julai inaweza kuonekana ya ovyo kabisa katika raundi mbili za kwanza.

Zamani haikuwa hivyo. Ligi ilipoanza upya mwaka 1992 baada ya nchi kurudisha uhuru wake, misimu kuanzia 1992/93 ilifuata mtindo wa vuli hadi masika. Mwaka 1998 wakahamia mwaka wa kalenda, na ili kuvuka wakacheza msimu mfupi wa kuunganishia. Flora ilitwaa msimu wa 1997/98, kisha ikatwaa na huo mfupi wa 1998. Ukikuta mataji mawili kwenye mwaka mmoja usiyafute ukidhani mtu amerudia mstari. Nimeona majedwali yaliyosahihishwa na watu wenye nia njema yakapunguza taji moja la Flora namna hiyo.

Kuhusu saa una bahati. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa ya Tallinn ni sawa na ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Mechi ya saa moja jioni kule ni saa moja jioni hapa. Mwanzoni mwa Machi na mwezi Novemba wao wako nyuma yetu kwa saa moja. Walioko Lubumbashi, Kigali na Bujumbura wageuze hesabu: wanalingana na Tallinn wakati wa baridi, na wakati wa joto wanakuwa nyuma saa moja.

Sasa madaraja yenyewe. Juu kuna ligi kuu, Meistriliiga, ambayo siku hizi inaitwa Premium liiga kwa jina la mdhamini. Timu ni 10, zinakutana mara nne kila moja, mechi 36. Chini yake ni Esiliiga, kisha Esiliiga B iliyoanza 2013, nazo zina timu 10 kila moja. Baada ya hapo ligi zinagawanywa kikanda: II liiga ina makundi mawili, kaskazini na mashariki upande mmoja, kusini na magharibi upande wa pili, halafu III liiga na IV liiga zenye makundi ya maeneo madogo zaidi. Kwa kawaida timu ya 10 ya ligi kuu hushuka moja kwa moja, na ya 9 hucheza mchujo wa nyumbani na ugenini dhidi ya timu kutoka Esiliiga. Kanuni hubadilika: 2021, kwa mfano, ligi kuu iligawanywa katikati, timu sita za juu zikamalizia zenyewe na nne za chini zenyewe. Kwa hiyo kila Februari soma kanuni za mwaka huo kabla hujagusa ratiba. Inachosha, lakini ni nusu saa tu.

Kinachowachanganya wageni kuliko vyote ni timu za pili. Klabu kubwa za Tallinn zina vikosi viwili, vitatu, wakati mwingine vinne, na vyote vimo ndani ya ligi moja ya taifa yenye madaraja. Utaona Flora kwenye ligi kuu, Flora U21 kwenye Esiliiga, na jina hilohilo tena huko chini likiwa na alama nyingine mbele yake. Kikosi cha pili hakiruhusiwi kucheza daraja moja na timu mama. Kinaweza kuongoza Esiliiga toka Machi hadi Novemba, kikabeba kombe, na bado kisipande. Kikosi cha pili cha Levadia kiliwahi kuitawala Esiliiga kwa misimu kadhaa mfululizo miaka ya 2000, na waliopanda ni waliokuwa nyuma yake.

Maana yake kwako ni kwamba safu ya nafasi kwenye msimamo haitoshi. Mimi huweka safu ya pili pembeni, ya wanaostahili kupanda, nikianza kuhesabu upya baada ya kuwaondoa vijana wa klabu kubwa. Hapo ndipo msimu unapoonekana ulivyo. Timu iliyo nafasi ya nne Esiliiga, ambayo ukiiangalia kijuujuu utaiona imeshakata tamaa Septemba, kumbe iko ndani kabisa ya mbio za kupanda kwa sababu mbili zilizo juu yake ni vikosi vya pili. Ukiandika kwamba "haina cha kupigania" umepotosha wasomaji, na mwenye klabu hiyo akisoma atakucheka.

Jambo la pili kuhusu vikosi hivi: nguvu yao inategemea ratiba ya timu mama. Wikendi ambayo timu kubwa haichezi, mchezaji wa ligi kuu anayetoka kwenye majeraha hushushwa chini apate dakika, na vijana wa Esiliiga wanashangaa kukuta wamekabwa na mtu waliyemwona kwenye televisheni wiki iliyopita. Wiki inayofuata kikosi hichohicho kinaingia na watoto wa miaka 17 na kinafungwa mabao matano. Usiandike kwamba timu imeporomoka. Fungua karatasi ya mechi uone nani alianza.

Karatasi hizo zipo. Tovuti ya shirikisho, Eesti Jalgpalli Liit, huweka ripoti za mechi hadi za madaraja ya chini kabisa: vikosi, dakika za mabao, kadi, mabadiliko, jina la mwamuzi. Kwa nchi ndogo hivyo ni utajiri, na sijui ni ligi ngapi kubwa zaidi zinazoweza kukuonyesha nani aliingia dakika ya 63 kwenye daraja la tano. Izoee hiyo kabla ya programu za matokeo za simu. Programu nyingi huishia Esiliiga, na hupenda kuunganisha timu zenye majina yanayofanana. Tallinna Kalev na Nõmme Kalju si timu moja, na wala hazina undugu. Levadia ya mataji ya 1999 na 2000 ilibeba jina la Maardu, mji wa jirani, kabla ya kuwa ya Tallinn.

Majina ya wachezaji nayo yana mtego wake, hasa Narva na miji mingine ya mashariki ambako wengi huzungumza Kirusi. Jina moja la Kirusi huandikwa kwa tahajia ya Kiestonia kwenye karatasi ya shirikisho na kwa tahajia ya Kiingereza kwingine. Konstantin Vassiljev, kiungo aliyeichezea timu ya taifa kwa miaka mingi, utamkuta kwa "s" moja au mbili, kwa "j" au kwa "y". Usipochagua tahajia moja tangu mwanzo, utakuwa na watu wawili waliogawana mabao ya mtu mmoja. Chukua ya shirikisho, basi.

Nimetaja Narva, nisiipite haraka. Iko mpakani kabisa, mto tu ndio unaoitenganisha na Urusi, na timu yake, Narva Trans, pamoja na Flora, ndizo zilizocheza kila msimu wa ligi kuu tangu 1992. Flora ni klabu ya mataji. Trans ni klabu ya kubaki, na kubaki miaka yote hiyo bila fedha za mji mkuu ni habari ambayo waandishi wengi wa mbali huikosa kwa sababu wanatazama nafasi ya kwanza tu.

Kuna pia FC Kuressaare, ya kisiwani Saaremaa. Timu ya bara ikienda kucheza huko hupanda kivuko bandari ya Virtsu, huvuka hadi kisiwa cha Muhu, kisha huendelea kwa barabara iliyojengwa juu ya maji hadi Saaremaa. Klabu hiyo imepanda na kushuka mara nyingi, na mechi zake za nyumbani ni za kuangaliwa kwa makini, maana mgeni ametoka asubuhi na anarudi usiku.

Virtsu hiyohiyo ya kivuko ina rekodi yake. Mei 2015, katika Kombe la Estonia, timu ya kijiji hicho ilipangiwa FC Infonet ya ligi kuu. Matokeo: 36–0. Trevor Elhi peke yake alifunga 10. Habari ilizunguka dunia nzima kama kichekesho, na ukiisoma hivyo hujaelewa kombe lenyewe. Limefunguliwa kwa klabu za ngazi zote, hadi vikundi vya watu wanaocheza jioni baada ya kazi, na droo haiwakingi na wakubwa. Raundi za mwanzo zitakuletea mabao ya tarakimu mbili kila mwaka. Usiyachanganye na takwimu za ligi unapotafuta mfungaji bora, na usiyaonee aibu pia. Kwa wale wa Virtsu, ule ulikuwa usiku wa kucheza na timu ya ligi kuu.

Infonet wenyewe hadithi yao haikuishia hapo. Wanajulikana pia kama FCI Tallinn. Walitwaa ubingwa 2016, na mwishoni mwa 2017 wakaungana na Levadia. Bingwa wa 2016 akatoweka kwenye orodha. Nafasi moja ya ligi kuu ikabaki wazi bila mpira kuchezwa, na pengo la juu likijazwa, aliyejaza ameacha pengo lake chini. Nilisema mwanzoni kwamba madaraja haya yanasikilizana, na huo ni mfano mzuri. Timu ya II liiga inaweza kupandishwa kwa sababu ya mkataba uliosainiwa ofisini Tallinn, na mashabiki wake wakasherehekea vilevile kama waliofunga bao la dakika ya mwisho.

Katikati ya msimu kaa chonjo na viporo. Julai, klabu zilizofuzu huingia kwenye raundi za awali za Ulaya, na mechi zao za ligi husogezwa. Kwa wiki kadhaa msimamo unadanganya: anayeongoza ana mechi mbili zaidi. Weka safu ya pointi kwa mechi hadi Septemba. Na kama kuna timu inakwenda mbali, viporo vinaongezeka. Flora ilipofika hatua ya makundi ya Ligi ya Konferensi ya Ulaya msimu wa 2021/22, timu ya kwanza ya Estonia kufika hatua hiyo katika michuano ya Ulaya, ilikuwa ikicheza Alhamisi za Ulaya huku mbio za ubingwa zikifikia kileleni nyumbani. Ubingwa wa 2021 ulikwenda Levadia. Sisemi sababu ni hiyo moja, ila usiuandike msimu ule bila kuweka kalenda mbili sambamba.

Tarehe 23 na 24 Juni ni sikukuu kubwa kule, usishangae ratiba ikinyamaza. Kwenye madaraja ya chini utakutana pia na ushindi wa mezani, timu imeshindwa kupata wachezaji wa kutosha siku hiyo, hasa msimu wa likizo. Uweke kwenye msimamo, usiuweke kwenye wastani wa mabao.

Mechi ya mwisho ya mchujo ikichezwa Novemba, usifunge faili bado. Klabu zinahitaji leseni ya kucheza ligi kuu, na iliyoshinda uwanjani huweza kukosa leseni, kukataa kupanda kwa kukosa fedha, au kubadilisha jina wakati wa baridi. Andika "imefuzu kupanda", usiandike "imepanda", hadi shirikisho litoe orodha ya washiriki wa msimu unaofuata. Ikitoka, anza kuisoma kuanzia ukurasa wa IV liiga.